MAISHA YA ANDRÉS BELLO, MWALIMU WA KIHISPANIA

Wako watu wengi waliopata sifa duniani kwa vita na utawala, na habari zao twazisoma katika vitabu vya historia. Lakini wako na wengine waliofanya kazi kubwa kwa kalamu tu. Mmoja wao ni Andrés Bello, aliyewafundisha watu wa Amerika ya Kusini lugha yao wenyewe. Huenda msomaji akastaajabu na kuuliza, je, mtu aweza kufundishwa lugha aliyozaliwa nayo? Habari za maisha ya mtu huyu zitalijibu swali hilo.

Andrés Bello alizaliwa tarehe 29 Novemba, 1781, katika mji wa Caracas, nchi ya Venezuela. Wakati ule nchi hiyo, pamoja na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini, ilikuwa chini ya Mfalme wa Hispania. Baba yake, Bartolomé, alikuwa mwanasheria tena mpiga muziki, lakini hakuwa tajiri. Mama yake aliitwa Ana López. Andrés alikuwa mtoto wao wa kwanza, na baada yake walizaliwa wengine saba.

Nyumba yao ilikuwa karibu na nyumba ya watawa, na humo aliishi padre mmoja jina lake Cristóbal de Quesada, bingwa wa Kilatini. Padre huyo alimpenda sana Andrés kwa bidii yake, akamfundisha Kilatini na kumfungulia chumba cha vitabu. Mwaka 1796 mwalimu na mwanafunzi walikuwa wakitafsiri pamoja kitabu cha tano cha utenzi wa Aeneid wa mshairi Virgil, ndipo padre akafa kabla kazi haijaisha. Kijana alikuwa na umri wa miaka kumi na minne tu. Huo ulikuwa msiba wake wa kwanza mkubwa, lakini elimu aliyokwisha kupewa hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Katika shule za siku zile Kilatini ndicho kilichokaa mbele. Kihispania kilipewa nafasi ndogo, kwa kuwa watu walidhani kwamba mtoto amekwisha kukijua tangu nyumbani. Andrés hakuridhika na hayo. Alipopata visenti vichache alinunua vijitabu vya michezo ya Calderón, mwandishi mkuu wa Hispania wa karne ya 17, akavisoma mpaka akayaweka mengi moyoni. Hivyo tangu utoto wake alijua kwamba lugha ya sokoni ni kitu kimoja, na lugha ya vitabu vya mabingwa ni bahari nyingine yenye kina kirefu.

Mwaka 1800 alipata shahada katika Chuo Kikuu cha Caracas. Mwaka uo huo alikutana na mtaalamu mashuhuri Alexander von Humboldt, aliyekuwa akisafiri kuchunguza nchi zile, akafuatana naye katika sehemu ya njia ya kupanda mlima wa Silla. Bello alianza kusoma sheria na uganga, lakini fedha hazikutosha, akaacha. Ili apate riziki aliwafundisha vijana wa nyumba za matajiri. Mmoja wa vijana hao alikuwa Simón Bolívar, mdogo wake kwa miaka miwili tu, ambaye baadaye aliongoza vita vya kuzikomboa nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Bello alimfundisha jiografia na fasihi.

Mwaka 1802 aliajiriwa na Serikali ya Venezuela kuwa karani, baada ya kushindana na vijana wengine. Kifaransa na Kiingereza alijifunza mwenyewe. Kiingereza hakikuwa na mwalimu mjini Caracas, basi alichukua kamusi na kitabu kigumu cha John Locke juu ya akili ya mwanadamu, akaendelea neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa, mpaka lugha ikamfungukia. Wako wanafunzi wanaokata tamaa kwa kukosa mwalimu; na waitazame kazi hiyo.

Faida ya kazi ile ilionekana mwaka 1808. Magazeti mawili ya The Times ya London yaliletwa Caracas kutoka kisiwa cha Trinidad, na Bello akapewa ayatafsiri. Alipoyasoma alikuta habari nzito mno: Napoleon wa Ufaransa amewaondoa wafalme wa Hispania katika kiti chao. Wakuu wa Serikali walipoambiwa hawakutaka kusadiki. Hazikupita siku nyingi, meli ya Kifaransa ikafika pwani na habari ile ile. Katika mwaka huo mtambo wa kupiga chapa uliletwa Caracas, na Bello akawa mhariri wa gazeti la kwanza la nchi ile, Gazeta de Caracas.

Tarehe 19 Aprili, 1810, watu wa Caracas walimwondoa mtawala wa Kihispania wakaweka baraza lao. Baraza hilo lilituma watu watatu kwenda Uingereza kutafuta urafiki na msaada, nao ni Bolívar, Luis López Méndez, na Bello kuwa katibu wao. Walifika London mwezi wa Julai. Bolívar alirudi kwao baada ya miezi michache ili apigane. Bello alibaki kidogo ili amalize kazi, naye hakuiona tena Venezuela maisha yake yote.

Mwaka 1812 Serikali mpya ya Venezuela iliangushwa na majeshi ya Mfalme. Bello akabaki ugenini hana mshahara wala nchi ya kurudia. Alikaa London miaka kumi na tisa, na mingi katika hiyo ilikuwa miaka ya dhiki. Aliwafundisha Waingereza Kihispania ili apate chakula. Alipewa kazi ya kuzisoma na kuzinakili hati za Jeremy Bentham, mwanafalsafa ambaye mwandiko wake ulikuwa mgumu kusomeka. Kisha alikuwa mwalimu wa watoto wa Bwana Hamilton, mkubwa mmoja wa Serikali ya Uingereza.

Mwaka 1814 alimwoa Mary Ann Boyland, akazaa naye watoto watatu wanaume. Lakini mwaka 1821 ulikuwa mwaka wa machozi: mtoto mdogo Juan Pablo alikufa, na mama yake naye akafa kwa kifua kikuu. Bello akabaki na watoto wawili katika baridi ya London. Mwaka 1824 alimwoa Elizabeth Dunn, aliyeishi naye mpaka mwisho.

Katika siku hizo za shida kimbilio lake lilikuwa chumba cha kusomea katika British Museum. Humo aliupeleleza utenzi wa kale wa Kihispania juu ya shujaa Cid, akitafuta jinsi lugha ilivyokuwa katika zamani zile na jinsi ilivyogeuka. Humo pia lilimwingia wazo lililoongoza kazi yake yote. Alijua kwamba Kilatini kilikuwa lugha moja katika dola kubwa ya Rumi. Dola ilipovunjika, watu wa kila upande walikisema kwa namna yao, hata mwisho wakawa hawasikilizani, kikazaa Kihispania, Kifaransa, Kitaliani, Kireno na lugha nyingine. Sasa dola ya Hispania nayo ilikuwa ikivunjika, na nchi nyingi mpya zikizaliwa mahali pake. Bello akaogopa kwamba watu waliopigana bega kwa bega kutafuta uhuru, wajukuu wao huenda wakahitaji mkalimani ili kuzungumza.

Basi mwaka 1823, pamoja na rafiki yake Juan García del Río, alichapisha katika gazeti lao, Biblioteca Americana, shauri la kurahisisha maendelezo ya maneno ya Kihispania. Shauri lao lilikuwa kila sauti iwe na herufi yake, na herufi zisizotamkwa ziachwe. Hawakufanya hivyo kwa mchezo. Walitaka mtoto wa maskini katika nchi zile mpya aweze kujifunza kusoma upesi, na nchi zote ziandike namna moja. Mwaka 1826, katika gazeti lingine, Repertorio Americano, alitoa shairi lake maarufu la kusifu kilimo cha nchi za joto. Humo aliitaja migomba, kakao, kahawa na mahindi, mimea ya kwao ambayo hakuwa ameiona shambani kwa miaka kumi na sita.

Tangu mwaka 1822 alikuwa amefanya kazi katika ubalozi wa Chile kule London, na baadaye katika ule wa Kolombia, lakini mshahara ulichelewa na deni likakua. Serikali ya Chile ilipomwita, aliitika. Alisafiri na jamaa yake mwezi wa Februari, 1829. Bolívar alijaribu kumzuia ili asipotee kwa nchi nyingine, lakini barua yake ilichelewa. Mwalimu wake wa zamani alikuwa amekwisha kupanda meli. Alifika bandari ya Valparaíso mwezi wa Juni, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Wengi huhesabu umri huo kuwa ni wa kuanza kupumzika. Kwa Bello ulikuwa umri wa kuanza kazi.

Katika mji wa Santiago aliandika katika gazeti la Serikali, El Araucano, na alifundisha vijana nyumbani kwake katika chumba cha vitabu: sarufi, fasihi na sheria. Husimuliwa kwamba alikuwa mtu wa maneno machache, akikaa kwa utulivu na biri yake, akiuliza swali na kuwaacha vijana wahangaike nalo kabla ya kulifafanua. Katika wanafunzi wake alikuwamo José Victorino Lastarria, ambaye baadaye alikuwa mwandishi na mwanasiasa mkubwa wa Chile, na ambaye mara nyingi alipingana na mwalimu wake.

Mwaka 1833 na 1834 Bello alitoa katika El Araucano mafundisho kwa wazazi na walimu wa shule juu ya kusema Kihispania vizuri. Aliona kwamba hata watoto wa wakubwa walichanganya vitenzi na kuyatumia maneno ovyo, na walimu hawakuwasahihisha, kwa sababu katika shule saa nyingi zilikwenda kwa Kilatini. Hakukichukia Kilatini, maana yeye mwenyewe alikula matunda yake. Lakini aliona ni aibu kijana aweze kuchambua sentensi ya Virgil, kisha ashindwe kuandika barua ya maana kwa lugha ya mama yake.

Mwaka 1842 yalizuka mabishano makubwa katika magazeti ya Chile. Kijana mmoja kutoka Argentina, Domingo Sarmiento, ambaye baadaye alipata kuwa Rais wa nchi yake, aliandika kwamba lugha ni mali ya watu wote, na wataalamu wa sarufi hawana haki ya kuizuia isiende itakako. Bello alijibu kwa jina la kujificha. Alisema kwamba kama vile watu huhitaji baraza la wenye busara kuwatungia sheria, vivyo hivyo lugha yahitaji walinzi wake. Vijana wengi walimwona mzee huyu kuwa mtu wa kale anayetaka kuwarudisha chini ya Hispania. Yafaa tuseme kweli, katika mabishano yale kila mmoja alikuwa na neno la haki.

Lakini Bello hakujibu kwa magazeti tu. Mwaka 1847 kilichapwa mjini Santiago kitabu chake kikubwa, sarufi ya Kikastilia, yaani Kihispania, aliyoiandika kwa ajili ya watu wa Amerika. Tangu mwanzo wa kitabu alieleza kwamba hakuwaandikia Wahispania wa Ulaya, bali ndugu zake wa Amerika. Tena katika kitabu hicho alifanya mambo mawili ambayo hayakutazamiwa kwa mtu aliyeitwa mlinzi wa mambo ya kale.

La kwanza, aliivua sarufi ya Kihispania kanzu ya Kilatini. Waandishi wengi wa kabla yake walichukua kanuni za Kilatini wakazibandika juu ya Kihispania, wakafundisha kwamba jina hugeuka kwa namna sita katika sentensi, ingawa katika Kihispania jina halifanyi hivyo. Ni kama mtu atufundishe kwamba majina ya Kiswahili ni ya kiume na ya kike kwa sababu tu Kifaransa kina desturi hiyo, asizione ngeli zetu. Bello alitazama lugha yenyewe inavyofanya kazi katika vinywa vya watu na vitabu vyao. Nyakati za vitenzi alizipa majina mapya yenye kuonyesha maana yake. Kwa mfano, wakati wa kitenzi kama alikuwa akisoma, katika sentensi ya kusema kwamba alikuwa akisoma mgeni alipoingia, aliupa jina la kuonyesha jambo lililokwenda pamoja na jambo lingine lililopita. Mwanafunzi akilisikia jina, anapata na maana.

La pili, alitetea usemi wa Amerika. Alishikilia kwamba Chile na Venezuela zina haki ya kuwa na maneno yao sawasawa na majimbo ya Hispania yenyewe, mradi maneno hayo yawe yanatumiwa kwa desturi moja na watu waliosoma. Hivyo alisimama katikati. Hakuuacha mlango wazi kwa kila kosa, wala hakuwaambia watu wa Amerika waige kila kitu cha Madrid. Wahispania wenyewe hawakuchukizwa, maana mwaka 1851 Chuo cha Kifalme cha lugha ya Kihispania kilimpa heshima ya kuwa mwanachama wake.

Nyuma ya kazi hiyo ulikuwapo msiba ambao wasomaji wa sarufi hawauoni. Mtoto wake Francisco, aliyezaliwa London, alifuata nyayo za baba yake, akafundisha Kilatini katika shule ya Instituto Nacional ya Santiago, na mwaka 1838 alichapisha sarufi ya Kilatini ya wanafunzi. Mwaka 1845 Francisco alikufa, bado kijana. Baba alikichukua kitabu cha mwanawe, akakisahihisha na kukiongeza kwa mkono wake ili kichapwe tena. Kwa hiyo katika miaka ile ile mzee alikuwa na sarufi mbili mezani pake: moja ya kwake kwa walio hai, na moja ya marehemu mwanawe. Bello alipata watoto 15 kwa wake zake wawili, na wengi wao aliwazika yeye.

Kazi zake nyingine zilikuwa nyingi. Chuo Kikuu cha Chile kilipofunguliwa tarehe 17 Septemba, 1843, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza, na alishika kazi hiyo mpaka kufa kwake. Mwaka 1844 Chuo hicho kilikubali baadhi ya mashauri ya maendelezo mapya, na maandishi ya Chile yakafuata njia hiyo katika mambo kadha wa kadha mpaka mwaka 1927, ndipo nchi ikarudi katika desturi ya wenzake. Katika jambo hilo basi hakushinda. Lakini alishinda katika sheria. Kwa miaka mingi aliandika sheria za Chile zihusuzo ndoa, urithi, mali na mapatano. Zilipitishwa mwaka 1855, zikaanza kutumika tarehe 1 Januari, 1857, na nchi nyingine, kama Ecuador na Kolombia, zikazichukua. Aliziandika kwa lugha safi iliyo wazi, kwa kuwa aliamini kwamba sheria isiyoeleweka humwonea mnyonge.

Katika uzee miguu yake haikumchukua tena, akawa akikaa kitini pake akisoma na kuandika. Aliitamani sana Caracas, na habari za mama yake na ndugu zake alizipata kwa barua tu. Alifariki Santiago tarehe 15 Oktoba, 1865, akikaribia umri wa miaka 84. Utafiti wake juu ya utenzi wa Cid, alioanza London katika siku za njaa, ulichapwa mwaka 1881, miaka kumi na sita baada ya kufa kwake. Sarufi yake ilichapwa mara nyingi, na mwaka 1874 mtaalamu wa Kolombia, Rufino José Cuervo, aliitolea maelezo yaliyozidi kuieneza. Sura yake imo katika noti ya Chile ya peso 20,000.

Hofu ya Bello haikutimia. Leo msichana wa Chile na mvulana wa Mexico wanasoma kitabu kimoja bila mkalimani, na kila mmoja anasema kwa lafudhi na maneno ya kwao bila haya. Si kazi ya mtu mmoja hiyo, lakini mkono wake umo. Basi wanafunzi wenzangu, sisi tunaodhani kwamba lugha ya nyumbani haihitaji kusomwa, na tumkumbuke mzee huyu. Alijua Kilatini, Kiingereza na Kifaransa, naye akatumia elimu hiyo yote kuitengeneza lugha ya mama yake. Waliotangulia walisema mcheza kwao hutunzwa. Bello hakupata kurudi kwao, lakini kila mahali panaposemwa Kihispania pamekuwa kwao.